Mzazi akianza kusahausahau: fanya haya kabla ya kusema ni uzee

Nahudumia wazee kliniki, na neno linaloniuma kuliko yote ni "huo ni uzee tu." Uzee humchelewesha mtu kukumbuka jina. Haumpotezi kwenye njia ya msikitini aliyoipita miaka 40.

Hatua ya 1: Fungua daftari. Kwa wiki mbili andika tukio, siku na saa. Usiandike "anasahau". Andika "Jumanne jioni alitia chumvi kwenye chai, akakana." Lakini akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, achana na daftari, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au sukari imeshuka. Kama aliwahi kuanguka, hata wiki kadhaa nyuma, mwambie daktari. Damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu.

Hatua ya 2: Masikio, kisha macho. Hapa ndipo wengi wanaruka. Bibi mmoja aliletwa na wanawe, wameshakata tamaa. Nikamuuliza, "Bibi, leo siku gani?" Akajibu, "Nimekula, mjukuu wangu." Masikio yote mawili yalikuwa yameziba nta. Tukailainisha kwa matone, siku chache baadaye tukamsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Nikauliza tena. "Alhamisi, siku ya gulio. Mbona unanipigia kelele?"

Usimchokoe sikio kwa njiti nyumbani. Nta inazidi kuingia ndani.

Hatua ya 3: Mwaga mfuko wa dawa mezani. Zote, hata alizopewa na jirani. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio kama klofeniramini, huvuruga kumbukumbu za wazee. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12. Usimwachishe mwenyewe; zipeleke zote kwa daktari.

Hatua ya 4: Vipimo. Omba presha, sukari, wingi wa damu, B12, tezi ya thairoidi, VVU na kaswende. Eleza pia kama amefiwa, amejitenga au halali. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, hufanana sana na usahaulifu, na inatibika.

Hatua ya 5: Kipimo cha kumbukumbu. Uliza kuhusu IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hakihitaji kalamu, kwa hiyo hakimwonei ambaye hakusoma. Mzee anakumbuka maneno kumi, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa.

Nawe uliyemleta, kama umefika miaka 45, kaa kwenye kiti hichohicho upimwe presha. Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na presha ya umri wa kati imo. Uziwi pia umo.

Baada ya miezi sita rudini wote wawili, na daftari lile lile.