SOMO: Kufanya kazi safarini kwa waifai ya bure bila kukatikiwa na kikao

Wakuu, kuipata waifai ya bure si kazi. Kazi ni ikubebe tangu saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Somo hili ni la anayezunguka na laptopu, leo Moshi, kesho Kisumu au Kampala.

Hatua ya 1: Kabla ya kuondoka

Kama unasoma au kufanya kazi chuoni, anza na eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi. Ukishasajiliwa chuoni kwako, laptopu hujiunga yenyewe kwenye vyuo vingine vilivyomo: Kenya kupitia KENET, Uganda kupitia RENU (mitandao inayounganisha vyuo vya nchi hizo). Jina la mtumiaji liandike lote, pamoja na @ na anwani ya chuo. Wengi huandika jina fupi. Kwao linakubali, ugenini linakataa, maana seva ya huko haijui iulize chuo gani.

Namba za uthibitisho zinazokuja kwa SMS zihamishie kwenye programu kama Google Authenticator, ambayo hutoa namba hata bila mtandao. Laini isiyowezeshwa kutumika nje ya nchi ikishavuka mpaka, SMS za kazini zisahau. Nyaraka za Google nazo ziruhusu zifunguke nje ya mtandao mapema. Ukishakosa intaneti umechelewa.

Hatua ya 2: Mahali

Maktaba, ukumbi wa hoteli, uwanja wa ndege, mgahawa. Mgahawani agiza kitu kila baada ya saa mbili hivi, meza ya mtu ni biashara. Kaa unapoiona ruta kwa macho. Ukiona majina mawili, la 5G (yaani GHz 5, si 5G ya simu) na la kawaida, chagua 5G ukiwa karibu. Ukuta wa zege ukiingia kati, rudi la kawaida. Gesti epuka kutuma mafaili makubwa saa 2 hadi saa 5 usiku, wageni wote wako kwenye video.

Hatua ya 3: Umeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kununua bando. Ruta inasubiri ukubali masharti, ila ukurasa wake haujatokea. Fuata mpangilio huu:

1. Zima data ya simu na VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia fiche).
2. Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, weka DNS ya faragha (DNS ndiyo hutafuta anwani za tovuti) iwe ya kiotomatiki. Ukiwa umeandika seva yako maalumu, simu haiulizi seva ya pale, na ukurasa hauji.
3. Fungua kivinjari, andika neverssl.com. Tovuti za https zinalindwa kwa cheti, ruta haiwezi kukugeuza njia. Hii ni http tupu, inageuzwa.
4. Bado? Tazama maelezo ya mtandao, chukua anwani ya lango, yaani ya ruta yenyewe (mara nyingi 192.168.1.1), uiandike kwenye kivinjari.
5. Mwisho, sahau mtandao huo ujiunge upya.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kikao

Fungua fast.com, bonyeza maelezo zaidi, uangalie kasi ya kupakia. Mgahawa unaweza kukupa Mbps 20 za kupakua na 0.3 za kupakia: unawaona vizuri, wao wanakuona umeganda. Zoom ya watu wawili inataka kama Mbps 0.6 kila upande, yaani jumla takriban MB 540 kwa saa. Sauti tupu haifiki hata Mbps 0.1. Kwa hiyo waifai ikiyumba, zima kamera kwanza. Bando la akiba lisubiri.

Hatua ya 5: Usalama

Muulize mhudumu jina kamili la mtandao. Yeyote anaweza kuiita hotspoti yake jina la hoteli. Kwenye Windows chagua mtandao wa umma. Wa VPN Tanzania: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji kujitambulisha kwake, lishughulikieni hilo.

MASWALI

*Mkuu, hoteli inaruhusu kifaa kimoja tu. Simu je?*
Ingia kwa laptopu, kisha washa hotspoti ya Windows 10 au 11. Inagawa waifai ileile. Baadhi ya simu za Samsung nazo zinaweza.

*Inanitoa kila baada ya saa moja.*
Ni kikomo cha muda walichoweka. Toka mwenyewe uingie upya dakika chache kabla ya kikao. Ikikutoa ovyo ovyo, zima anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) inayobadilika kwa mtandao huo. Ikibadilika, ruta inakuona mgeni.

*Naenda Dubai, nitapiga WhatsApp?*
Ujumbe na sauti ulizorekodi vinapita. Simu zake zimezuiwa hata waifai ikiwa kali. Tumia Zoom au Teams, na usikimbilie VPN, sheria yao ya makosa ya mtandao ni kali.

*Nasikia Kilimanjaro kuna mtandao?*
Upo, TTCL waliufikisha mwaka 2022. Tatizo ni betri, baridi huishusha ghafla. Lala nayo ndani ya begi la kulalia.