"Fall due" sio deni kuanguka: maana yake na jinsi ya kuitumia

Mara ya kwanza kukutana na "fall due" kwenye mkataba nilijua deni limeanguka, yani limefutwa, nikafurahi kabisa. Kumbe ndo linadai.

Maana yake ni kwamba siku ya kulipa imefika, basi. Hiyo "fall" ichukulie kama tunavyosema sikukuu mwaka huu imeangukia Jumapili, hakuna kilichoanguka hapo, imekutana tu na tarehe yake, na "due" ni kitu kinachotakiwa kulipwa. Kwahiyo "the rent falls due on the 5th" ni kodi inatakiwa ilipwe tarehe 5.

Kosa ninaloliona sana ni kumuweka mtu mwanzoni mwa sentensi. Usiandike "I fall due", kinachofikia siku yake ni deni sio wewe, andika "my loan falls due in June". Mtu ana "fall behind", hiyo ni kuachwa na marejesho, kitu kingine kabisa. Ikiwa imeshapita ni "fell due" au "has fallen due", ile "falled" haipo jamani. Tarehe inaenda na "on", mwezi na "in".

Halafu hapa ndo watu wanakosana na wateja: "fall due" haimaanishi umechelewa. Ukilipa siku ileile uko salama, ikipita ndo inaitwa "overdue", sasa wewe unamtumia mtu meseji ya "overdue" na tarehe bado, lazima anune.

Ni ya kiofisi, utaikuta kwenye mikataba, ankara, na mahesabu ya kampuni za Uingereza yana kabisa mstari wa "amounts falling due within one year", madeni ya kulipwa ndani ya mwaka. Hata sheria yao ya ufilisi ya 1986, kifungu cha 123, inasema kampuni ikithibitika mahakamani haiwezi kulipa madeni "as they fall due" inahesabika imeshindwa kulipa, yani unaweza ukawa na majengo na magari ila kama kila deni likifika siku yake huna cash, umekwisha.

Wamarekani wanapenda "come due", maana ileile. Ukiwa unachati na mshkaji achana na zote mbili, mwambie tu "it's due on Friday".