Jinsi ya kumtambua ndege wa matete wa Basra huku pwani

Ukiwa delta ya Tana au pande za Malindi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kuna ndege mmoja wa kahawia-kahawia tu anajificha kwenye matete na vichaka vya karibu na maji, huyo ndiye wa Basra, katoka Iraki, anazaliana kwenye vinamasi vya kusini kule na yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Miaka ya 90 serikali ya Saddam ilivikausha vinamasi vile karibu vyote, maji yakaanza kurudi 2003, kwa hiyo ukimwona huku si jambo la kupita hivi hivi.

Shida kafanana na kila mtu. Kwa hiyo watoe wale rahisi kwanza: mwenye michirizi mgongoni na mstari mpana wa krimu juu ya jicho achana naye, ni mgeni mwingine wa kutoka Ulaya, tena wako kibao. Halafu kuna mwenyeji, huyo anaimba kwa nguvu mwaka mzima. Mwangalie bawa akilikunja, ni fupi la mviringo, msafiri ncha za bawa zinachomoza ndefu kuelekea mkiani.

Wakibaki wasafiri watupu, kazi yote iko mdomoni. Wa Basra ana mdomo mrefu, mwembamba kama sindano ya magunia, ukimpata wa ubavu kwenye darubini unauona kabisa ni mrefu mno kwa kichwa kile. Yule mkubwa wa matete wa Ulaya, wa sm 19 hadi 20, mdomo wake mnene na akitua tete linalala kwa uzito. Mdogo wa matete ana kama sm 13 tu, wa Basra anakaa katikati ya hao wawili.

Rangi nimeiacha mwisho makusudi, maana mwanga wa asubuhi unadanganya sana jamani. Mgongo una kahawia iliyofifia kama ya zeituni, haina uwekundu, tumbo jeupe kuliko wenzake, mstari mweupe mwembamba juu ya jicho, mkia umekoza.

Nenda alfajiri, simama ukingoni pa matete utulie, usiingie ndani kukanyaga-kanyaga. Mara nyingi utasikia mlio mkavu wa kukwaruza kabla hujaona kitu, rekodi na simu hapo hapo. Kumpigia sauti ya spika ili atoke mimi sikubali, kasafiri mbali vya kutosha huyo.

Ukitaka kuona ndege hawa mkononi kabisa, kwenye hoteli ya Ngulia kule Tsavo Magharibi wanavishwa pete za mguuni za kuwatambulisha tangu 1969, Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa zinawavuta wanashuka wengi mno.

Na picha ikitoka bila mdomo, andika tu "wa matete, hajajulikana" uendelee na mwingine.