Breki za umeme za trela hazishiki? Pima waya kabla hujanunua sumaku

Breki za trela zikilegea, wengi hukimbilia kununua sumaku mpya (zile koili ndani ya breki zinazovutwa na dramu umeme unapopita na kusukuma viatu vya breki). Juzi nimemsaidia mtu aliyekwisha kubadilisha zote mbili na trela bado likawa linavuta kushoto. Sumaku zake za zamani zilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye athi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) ya gurudumu la kulia.

1. Tayarisha. Weka kabari, piga jeki, chomoa plagi kutoka kwenye gari. Usipime chochote kontrola (kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme wa breki) ikiwa bado imeungwa.

2. Pima sumaku. Tenganisha nyaya zake mbili, weka multimeta kwenye omu. Sumaku ya breki za inchi 10 au 12 husoma kati ya omu 3 na 4. Karibu na sifuri, imepiga shoti. Isiposoma kitu, koili imekatika.

3. Pima waya ukiwa na mzigo. Hapa ndipo saa zinapopotelea. Multimeta yenyewe hainywi umeme wa kutajika, kwa hiyo waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi, nawe utaapa kwamba ni mzima. Sumaku inataka ampea 3 hadi 4, na uzi ule mmoja hauwezi kuzipitisha.

Basi rudishia nyaya zote, kisha chukua betri iliyojaa: hasi kwenye athi ya plagi ya trela, chanya kwenye waya wa breki kupitia fyuzi ya ampea 15. Kwenye plagi za pini 7 za mtindo wa Marekani, breki ni buluu na athi ni nyeupe, ila trela likishapita kwa mafundi kadhaa usiamini rangi, fuatilia waya wenyewe. Sasa ncha moja ya multimeta iwe kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa athi palepale kwenye sumaku. Isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, athi ni mbovu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa breki palepale kwenye sumaku. Huku unapima, tikisa nyaya, hasa ule unaopita ndani ya bomba la ekseli: hukwaruzwa na chuma humo ndani, leo unashika, kesho haushiki. Usiache umeme muda mrefu, sumaku hupata moto.

Athi iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu yenye kutu mimi huiondoa. Navuta waya wake kamili hadi kwenye plagi. Na vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya sitaki hata kuviona, maji huingia na shaba hugeuka unga wa kijani. Bana kwa kiungio cha shaba, funika kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani.

4. Fungua dramu. Viatu vikilowa grisi, tupa. Kuviosha kwa petroli ni kujidanganya. Badilisha pia sili (mpira wa kuzuia grisi) iliyovujisha. Sumaku iliyolika upande au inayoonyesha shaba haifai tena, na ibadilishwe pamoja na mwenzake wa ekseli hiyo. Kiatu kifupi hutazama mbele.

5. Rekebisha. Zungusha gurudumu kuelekea mbele huku ukikaza kirekebishi cha meno hadi ligome, kisha legeza mpaka usikie mkwaruzo hafifu tu. Kirekebishi hufikiwa kutoka nyuma ya bamba la breki, chini, kupitia tundu lenye kizibo cha mpira.

6. Jaribu. Plagi ikiwa bado nje, chomoa pini ya swichi ya dharura (ile inayofunga breki trela likichomoka kwenye gari): magurudumu yagome. Yasipogoma, anza na betri ya trela. Rudisha pini, unga gari, na kwa mwendo mdogo pandisha kontrola hadi magurudumu yakaribie kuburuza, kisha ishushe kidogo. Viatu vikiwa vipya, rudia hatua ya 5 baada ya kama kilomita 300.