Chaji Ikikaribia Kuisha: Kuilaza Kompyuta Mpakato Bila Kupoteza Kazi

Umeme ukikatika na betri imebaki asilimia 12, wengi wetu huifunika kompyuta mpakato, tukaitia kwenye begi na kuamini kwamba kazi imesalimika. Nami niliamini hivyo hadi jioni moja nilipoifunika mashine ikiwa na jedwali la mahesabu ambalo sikuwa nimelihifadhi. Asubuhi niliichomeka kwenye chaja, ikawaka upya kana kwamba ilizimwa, na safu mbili nilizozijaza mchana kutwa hazikuwemo.

Kompyuta iliyolala haijazimika. Katika usingizi wa kawaida, ambao Windows huuita Sleep, skrini na prosesa hutulia, lakini nyaraka zilizokuwa wazi hubaki ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM haishiki kitu bila umeme. Betri basi huendelea kunyonywa kidogo kidogo, na ikikauka, kilichokuwemo hupotea. Tena mashine nyingi za miaka hii huamka zenyewe zikiwa zimefunikwa ili kupokea barua pepe na masasisho, ndiyo maana wakati mwingine unaitoa kwenye begi ukaikuta ya moto kama pasi. Hibernate ni jambo jingine: vilivyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys, kisha mashine huzimika, na inaweza kukaa wiki nzima bila kupoteza herufi moja.

Kwenye Windows 10 na 11 njia hii mara nyingi imefichwa. Fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator), andika powercfg /hibernate on, kisha bonyeza Enter. Hakikisha diski ina nafasi, kwa kuwa faili hilo huchukua takriban asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, yaani zaidi kidogo ya GB 3 kwa mashine yenye RAM ya GB 8. Baada ya hapo ingia Control Panel, nenda Power Options, chagua Choose what closing the lid does, na chini ya On battery weka Hibernate. Ukiwa hapo hapo, fungua mipangilio ya kina ya umeme, shuka hadi Battery, na uweke Critical battery action, yaani hatua ambayo mashine huchukua betri ikikaribia kuisha kabisa, kuwa Hibernate. Watumiaji wa MacBook wana nafuu, kwani mashine zao kwa kawaida huweka nakala ya kumbukumbu kwenye diski zinapolala.

Kuhusu betri yenyewe, ushauri wa kuimaliza hadi sifuri kabla ya kuichaji ulifaa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri ya lithiamu huumizwa na tabia hiyo. Ikiisha, ichaji mara umeme unaporudi, kwa sababu betri tupu inayoachwa wiki nyingi huendelea kupungua hadi sakiti yake ya ulinzi inaweza kukataa kuchaji. Mashine unayoiweka kabatini iache na chaji ya nusu hivi, mbali na joto. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, nao hurefusha maisha ya betri, ila palipo na mgao wa umeme ningeuondoa usiku wa kuamkia siku ya zamu ya mtaa wangu.

Betri iliyochoka pia hudanganya: huonyesha asilimia 9, na dakika mbili baadaye skrini ni nyeusi. Katika Command Prompt andika powercfg /batteryreport, kisha katika ripoti itakayotengenezwa linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ikiwa ya kwanza ni mWh 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebakiza asilimia 60 ya uwezo wake. Hapo rudi kwenye ile sehemu ya Battery, pandisha Critical battery level (kiwango cha hatari) kutoka asilimia 5 hadi 10, na Low battery level (kiwango cha onyo) iwe 15, ili mashine ipate muda wa kuandika kila kitu kwenye diski kabla haijazimika.