Futa antivairasi iliyokwisha muda kabla ya kununua nyingine

Laptop nyingi za mtumba hapa Dodoma huja na antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda. Usikimbilie kulipia nyingine. Ifute kwenye Settings, zima kompyuta, washa tena. Defender, antivairasi iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na 11, hujiweka pembeni ikikuta antivairasi nyingine, na hurudi kazini yenyewe hiyo ikiondoka. Fungua Windows Security uhakikishe fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) nayo imewashwa. Kwa matumizi ya nyumbani Defender inatosha kabisa.

Itakuangusha usipoweka bando la kuisasisha: flashi iliyotoka steshenari inaweza kuleta kirusi kipya isichokijua. Na fundi akikuambia uizime kwanza ndipo akuwekee programu ya kukraki (iliyovunjwa leseni ili isilipiwe), hapo hakuna ulinzi tena.