Somo: Kupita kwenye orodha ya kerneli ya Linux huku unafuta

Hili ni kwa wenzetu wa Mwanza walioanza kuandika moduli (vipande vya programu vinavyopakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux), na wa Bukoba na Musoma wanaofuatilia kwa mbali. Tuseme moduli ya mazoezi inatunza mitumbwi iliyopo mwaloni Kirumba:

struct mtumbwi {
    int namba;
    struct list_head kiungo;
};

Hatua ya 1: kusoma tu. Makro ya list_for_each_entry, inayopita kitu kimoja kimoja, inatosha. Ila orodha hii ni duara, kiungo cha mwisho kinarudi kwenye kichwa. Lupu ikiisha bila kukatizwa, m (pointa ya mtumbwi uliofikiwa) haiwi NULL. Inaelekeza mahali pasipo na mtumbwi wowote. Kwa hiyo if (m) baada ya lupu haikusaidii kitu. Ukipata unachotafuta, kiweke kwenye pointa nyingine kisha break. Tatizo hili ndilo lililochangia kerneli kuhamia C ya 2011 katika toleo la 5.18, mwaka 2022, ili pointa ya lupu iweze kutangazwa ndani ya lupu yenyewe.

Hatua ya 2: kufuta. Lupu ya kawaida husoma next ya m baada ya kazi yako, wakati m umeshaiachia. Tumia hii:

spin_lock(&kufuli);
list_for_each_entry_safe(m, n, &mwalo, kiungo) {
    if (m->namba == iliyoondoka) {
        list_del(&m->kiungo);
        kfree(m);
    }
}
spin_unlock(&kufuli);

Hapa mwalo ni kichwa cha orodha, list_del inautoa mtumbwi kwenye orodha, na kfree inaachia kumbukumbu yake. n, yaani mtumbwi unaofuata, inachukuliwa kabla hujagusa m. Ukiona kwenye logi ya x86-64 anwani dead000000000100, usihangaike kutafuta mbali: kuna mtu anafuata next ya kitu kilichokwisha kupitiwa na list_del.

Hatua ya 3: kufuli. Wengi huipuuza. _safe inakukinga na mkono wako mwenyewe tu. Prosesa nyingine ikiifuta n, umekwisha. Shika kufuli mwanzo hadi mwisho, na ukiwa nalo usilale, yaani usiite kitu kinachoweza kusubiri: hakuna mutex_lock wala kmalloc (kuomba kumbukumbu) ya GFP_KERNEL. Kazi ikiwa ndefu, mimi huhamishia orodha nzima kwenye kichwa cha muda kwa list_splice_init, naachia kufuli, kisha nafanya taratibu.

MASWALI

Mkuu, naweza kuachia kufuli katikati ya lupu halafu nikalishika tena? (Nyegezi)
Hapana, ukirudi n inaweza kuwa imeshaondoka. Zungusha while (!list_empty(&mwalo)), chukua wa kwanza kwa list_first_entry, mtoe, ndipo uachie kufuli.

Shikamoo mwalimu. Wasomaji wakiwa wengi na wafutaji wachache? (Sengerema)
Marahaba. Hapo ni RCU (Read-Copy-Update), njia inayowaacha wasomaji wapite bila kushika kufuli. Msomaji apite na list_for_each_entry_rcu kati ya rcu_read_lock na rcu_read_unlock. Mfutaji bado ashike kufuli, atumie list_del_rcu, kisha kfree_rcu badala ya kfree, ili kumbukumbu isiachiwe hadi wasomaji waliokuwepo wamalize. Ongeza struct rcu_head kwenye mtumbwi. list_del_rcu haigusi next, hivyo msomaji aliyekuwa hapo anaendelea na safari yake.

Nina laptop moja tu, nijaribie wapi? (Ilemela)
QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe), usiguse kerneli unayofanyia kazi. Washa CONFIG_DEBUG_LIST (hukagua viungo vya orodha) na KASAN (hunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu). KASAN inakula RAM kwelikweli, kwa hiyo usiibanie mashine pepe.